Masizi Juu ya Mbegu

Mimi ndiye niliyebomoa jiko la mama yangu. Nalisema mapema kwa sababu kule kwetu Bombo wapo wanaosimulia kwamba liliangushwa na mvua. Wanadhani wananisitiri, na mimi sipendi kusitiriwa. Lilikuwa jiko la fito na udongo, nyuma ya nyumba kubwa, karibu na migomba, na mama alipika humo kwa kuni tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Nililibomoa mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, kwa mafundi wawili na kelele zangu mwenyewe. Nilitaka mama apone kifua.

Kifua hicho kilianza zamani, sikumbuki siku ambayo hakikuwepo. Tukiwa wadogo, kaka zangu wawili na mimi, tulijua mama yuko wapi shambani kwa kusikia anakohoa. Kanisani wanakwaya wenzake walishazoea kumsubiri amalize ndipo waanze ubeti. Lakini miaka hii ya karibuni kikohozi kilibadilika, kikawa kirefu na kikavu, na akipanda kutoka bondeni alisimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Ukimwuliza anasema anaangalia migomba. Mtu anayeangalia migomba hashiki mbavu.

Mimi ni mtoto wa mwisho, na binti pekee. Kaka zangu wanaishi mbali na wanapiga simu Jumapili, kwa hiyo mama alikuwa wangu. Nafundisha kemia sekondari huko Same mjini. Wanafunzi wangu wanaweza kukuambia kwamba nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na ni kweli. Miaka michache iliyopita nilirudi chuo kikuu kusoma shahada ya pili, na msimamizi wangu akanipa kaboni.

Kazi yenyewe haikuwa na maabara wala moshi. Nilikaa mbele ya kompyuta na kuuliza swali moja kwa namna nyingi. Ukichukua atomi za kaboni, chache tu, idadi ileile kila mara, unaweza kuzipanga zikawa kijikaratasi kilicholala, au mpira ulio mtupu ndani, au punje ya almasi ambayo hakuna jicho litakaloiona. Je, ipi kati ya hizo ni imara kuliko nyingine? Kompyuta ilisaga hesabu siku mbili, tatu, umeme ukikatika inaanza upya, kisha inatoa namba. Nilizipenda namba zile, zilinifanya nijione mtu wa maana.

Mama aliniuliza siku moja nasoma nini. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharage ya makande, moshi umetanda hadi kiunoni, mimi nimeketi chini kabisa kwenye kigoda ili nipate hewa.

"Nasoma masizi, mama," nikamwambia, kwa sababu ndani ya masizi zimo chembe nyingi za kaboni za namna hiyo.

Alicheka mpaka akakohoa. "Wenzangu watoto wao wanasoma udaktari," akasema. "Mimi wangu amekwenda mpaka chuo kikuu kusoma masizi. Si ungeniuliza mimi? Yako hapo juu."

Na kweli yalikuwa hapo juu. Juu ya mafiga palikuwa na dari la miti, na kwenye dari hilo mama aliweka mbegu. Mahindi yalining'inia kwa maganda yake, yamefungwa mawili mawili, na maharage yalikaa ndani ya vibuyu. Moshi uliyapitia kila siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima, mpaka yakawa meusi na yanang'aa. Wadudu hawakuyagusa. Mbegu ile ilikuwa ya bibi mzaa baba, naye aliipata kwa mama mkwe wake, na jirani ambaye fukusi wamemaliza zake alikuja kwa mama na ungo mtupu na kuondoka na ungo wenye kitu. Akivuna alimrudishia mama mahindi yaliyo mazuri kuliko yote, nayo yakapanda darini. Mama hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa hilo alijua kabisa yeye ni nani.

Siku ile ya maharage nilimweleza habari ya uimara. Nikamwambia almasi, ambayo watu wote wanaiona ndiyo mfano wa kitu kigumu kisichobadilika, kwa hesabu si kaboni iliyotulia kuliko zote. Iliyotulia ni ile nyeusi laini iliyo ndani ya penseli. Almasi ingependa kugeuka iwe hiyo, ila njia imeziba. Akaacha kuchambua, akafikiri.

"Kwa hiyo ni maji ya ndiva," akasema.

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, la mawe na udongo, lililojengwa huko juu mlimani. Maji yanajaa humo usiku na asubuhi yanafunguliwa yashuke mashambani. Ukiyatazama alfajiri yamelala kimya kabisa, utasema yamefika. Hayajafika popote, yamezuiwa. Nilifundisha jambo hili miaka mingi kwa michoro ya vilima na mabonde ubaoni, na sikuwahi kulisema vizuri kama alivyolisema mwanamke aliyeishia darasa la saba.

Nikamwambia pia sehemu niliyoipenda zaidi. Kwamba mambo haya yote hupinduka vitu vikiwa vidogo mno. Ukiikata almasi mpaka ikawa punje ya nanomita chache, inaweza kuwa imara kuishinda ile nyeusi, kwa sababu kitu kidogo namna hiyo karibu chote ni ngozi. Kinachoamua ni kile kilichoipaka ngozi hiyo. Ikivikwa hidrojeni, inabaki almasi. Ukiivua, ngozi yake inajikunja, inaharibika, na ule uzuri unaanza kuliwa kutoka nje. Niliyaandika haya kwenye tasnifu yangu, ukurasa mzima, kwa mkono wangu. Nakuomba msomaji uukumbuke ukurasa huo, kwa sababu mimi niliusahau.

Nilipomaliza shahada nilirudi Same nikiwa mjuaji. Sikuweza tena kuketi jikoni kwa mama na kuona moshi tu. Niliona chembe. Nilijua ni ndogo kiasi gani, nilijua zinapita puani na kooni bila kuzuiwa na kutua mwisho kabisa wa mapafu, na nilijua seli za ulinzi za mwili huzimeza na kushindwa kuzivunja. Mwili unaweza kuvunja mfupa wa samaki uliomezwa, lakini kaboni ile hauna meno ya kuitafuna. Inakaa. Mtu anazikwa nayo. Kila mama alipoinama kupuliza moto nilihisi hasira, na kwa kuwa huwezi kuukasirikia moshi, nilimkasirikia yeye.

Nikamjengea jiko jipya, la matofali, lenye madirisha mawili, sakafu ya saruji na jiko la gesi. Akashukuru vizuri sana. Akaalika wanawake wa usharika, mchungaji akaombea, tukala. Nikashuka Same nikiwa na amani. Wiki tatu baadaye nikapanda bila taarifa, na kabla sijafika uani nikaona moshi unatoka kwenye paa la jiko la zamani.

"Shikamoo," nikasema mlangoni, kwa sauti ya mwalimu wa zamu.

"Marahaba mwanangu. Usinitazame hivyo. Sipiki. Nawashia mbegu moto tu."

Hakukuwa na chungu motoni. Alikuwa amekaa mle ndani, peke yake, anakohoa, anaifukizia mbegu moshi. Tuligombana. Nasema tuligombana, lakini aliyepiga kelele ni mimi, yeye alikuwa akijibu polepole huku akisukuma kuni. Nilimwambia anajiua kwa ajili ya mahindi. Akasema si kila mahindi. Nikamwambia mbegu zipo dukani. Akanitazama kama vile nimetukana mbele ya wageni.

Safari hiyo haikuwa ya mwisho. Nilimkuta tena, na tena. Kwa hiyo shule zilipofungwa mwezi wa sita nilipanda na mafundi kutoka Same, maana wa Bombo wangemsikiliza yeye. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja zangu zote, na picha za mapafu kwenye simu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Haya," akasema. "Bomoeni. Ngoja kwanza nishushe mbegu."

Nilishangaa, lakini mtu aliyeshinda haulizi sana. Alizishusha mwenyewe, akazilaza kwenye mkeka. Mafundi walimaliza kabla ya saa sita. Ule udongo ulipoanguka vumbi jeusi lilitoka kwa wingi, likakaa juu ya majani ya migomba siku kadhaa. Mama alikwenda kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, anayekaa ng'ambo ya bonde, akae huko siku chache, asione. Mimi nikabaki na mbegu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mahindi yale yalikuwa yamefunikwa na kitu kilekile nilichokuwa napigana nacho. Ukishika, vidole vinakuwa vyeusi. Nikaona haiwezekani niondoe masizi kwenye jiko kisha niyaingize kwenye nyumba safi yakiwa yamepanda juu ya mbegu, mama awe anayashika na kuyavuta. Nikachota maji kwenye beseni, nikatia sabuni kidogo, nikaziosha. Niliyapukuchua mahindi, nikaosha punje, nikamwaga maharage kutoka kwenye vibuyu nikayaosha pia. Maji yalikuwa kama wino. Nilibadilisha beseni mara nne au tano, mpaka punje zikatoka na rangi zake, nyeupe, njano, nyingine zina michirizi myekundu ambayo sikuwahi kujua ipo. Zilikuwa nzuri mno. Nilifurahi peke yangu pale uani, nikaimba.

Nikazianika siku mbili. Mtu yeyote wa milima ya Upare atakuambia mwezi wa sita kule juu jua ni la kuombea, ukungu unakaa mpaka mchana na nguo haikauki. Mimi nimezaliwa pale, najua. Lakini nilitakiwa kurudi Same kusahihisha mitihani, na punje nilipozishika niliona zimekauka. Nikazitia kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko, nikafunga kwa nguvu. Mama aliporudi jioni ya siku hiyo ya pili nikamwonyesha. Alifungua ndoo moja, akaingiza mkono, akautoa, akautazama. Ulikuwa msafi.

"Umeziosha," akasema.

"Kwa sabuni," nikasema, kwa fahari.

Alifunika ndoo, akaenda kupika chai kwenye gesi.

Mwezi wa kumi mvua za vuli zilipokaribia nilipanda Bombo kumsaidia kulima. Tulifungua ndoo pamoja. Ya kwanza ilitoa harufu kabla mfuniko haujatoka vizuri. Mahindi yalikuwa yameshikana kwa ukungu wa kijani, na baadhi yalikuwa yamechipua humo humo gizani, vijiti vyeupe vimekufa. Ndoo ya pili haikuwa na unyevu. Ilikuwa imebunguliwa yote, ukishika punje inabaki unga na ganda, na fukusi walikuwa wakitembea juu yake bila haraka. Maharage yalikuwa na matundu kama vifungo vya shati.

Nilikaa chini. Ndipo ule ukurasa wangu uliponirudia, kwamba kitu kidogo karibu chote ni ngozi, na kinachoamua ni kile kilichoipaka. Nilikuwa nimekokotoa jambo hilo kwa miaka miwili, nimelitetea mbele ya maprofesa, nikapigiwa makofi. Kisha nikaichukua mbegu iliyohifadhiwa kwa njia hiyohiyo na wanawake wasiopigiwa makofi na mtu, nikaivua kwa sabuni. Nililia kwa hasira, na mara hii hakukuwa na mwingine wa kukasirikiwa.

"Nyamaza," mama akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki." Alichagua punje moja moja mpaka jioni, akapata kiasi cha kujaa kiganja. Akazipanda karibu na nyumba. Hazikuota.

Msimu ule tulipanda mbegu za pakiti kutoka dukani Same. Alipoifungua pakiti akacheka kidogo, kwa sababu punje zote zilikuwa za rangi ya waridi, zimepakwa dawa. "Hawa nao wamezipaka," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Siku chache baadaye jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye kila mwaka anakuja kabla ya mvua, alifika na ungo wake kwapani. Mama alimpokea, wakasalimiana kirefu kama kawaida yao, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mifugo. Kisha akamwambia mwaka huu hana. Hakusema kwa nini. Yule mama alinitazama mimi, halafu akatazama mahali jiko lilipokuwa, akasema haidhuru. Ule ungo aliuficha nyuma ya khanga wakati wa kuondoka, ili mama asiuone mtupu. Baada ya hapo hakuja mwingine. Habari Bombo hazihitaji simu.

Mama alianza kukaa kitako. Sina namna nyingine ya kusema. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo, sasa nikipiga simu asubuhi saa mbili yuko kitandani. Kikohozi kilipungua kweli, na hilo lilinidanganya. Lakini pumzi ilizidi kuwa fupi. Mwezi wa kumi na mbili nilimshusha Same akae kwangu, nyumba ya kupanga karibu na barabara kuu, joto lile asilolizoea, malori yakipita mchana kutwa. Hospitali walitupa mashine ya oksijeni ya nyumbani na kunieleza taratibu, kwa upole, kwamba ni ya kumpunguzia taabu. Mimi nikawa na jibu langu tayari, kwamba ameshaacha moshi nusu mwaka sasa, atapata nafuu. Daktari aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Miguu ilikuwa imevimba, alama za vidole vyangu zilibaki. Nikaanza tena hesabu zangu. Nikasema laiti ningebomoa lile jiko miaka mitano nyuma, nikiwa bado chuoni. Laiti nisingechelewa kwa kukusikiliza.

"Si kuchelewa kwako," mama akasema. Alisema vipande vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Wakati wa Pasaka nilikwenda hospitali na mama yako mdogo. Wakanipiga picha. Wakaniambia mapafu yameshaisha, moto niuache au nisiuache. Niliulizia muda. Wakasema mwaka, labda na kitu."

Pasaka ilikuwa mwezi wa nne. Mimi nilibomoa mwezi wa sita. Nikaacha mkono wangu palepale mguuni.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua haitasaidia, ukaniacha nibomoe?"

"Ulikuwa umekuja na mafundi, mama," akasema. Aliniita mama alipotaka kunituliza. "Na mapicha yako. Nikaona nikikukatalia, nikafa, utasema maisha yako yote ni lile jiko. Bora ubomoe. Uwe na kitu ulichonifanyia."

Malori yalipita. Nikamuuliza kitu ambacho sikupaswa kumuuliza mtu anayetafuta pumzi.

"Na mbegu je?"

Alifumba macho, akavuta hewa.

"Jiko nilikupa," akasema. "Mbegu sikukupa. Sikujua kama utaziosha."

Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile, kidogo tu, kisha kikageuka kikohozi, nikamwinua nikamshika mgongo mpaka kikapita. Akaniomba nimlaze. Nilikuwa na neno la samahani hapa kooni, nimelibeba tangu mwezi wa kumi, na nikaona nimwache apumzike kwanza, nitamwambia akiamka, vizuri, kwa kirefu, kama inavyotakiwa kumwomba mzazi. Nikaenda barazani na madaftari ya kidato cha tatu.

Hakuamka. Alhamisi tulimpandisha Bombo.